Uzi wa paka wa mwituni: waliokwisha, wanaokwisha, na hawa wa kwetu Saadani na Pangani

Mkonge Mkavu (Tanga mjini)

Wakuu salaam. Huu uzi nimeupiga tarehe muda mrefu, leo simu ina chaji na bando lipo basi wacha niushushe wote.

Kila mkisikia habari za wanyama waliotoweka utasikia ndege dodo, mamothi, dinosaria, basi, kama vile ni mambo ya huko kwao. Wakati sisi watu wa pwani tumempoteza chui mzima hapo Unguja, pua na mdomo na Bagamoyo, na wapo wazee hai waliomwona kwa macho yao. Kwahiyo leo ni paka wa mwituni, na nikisema paka nachukua ukoo wote, kuanzia simba mpaka yule paka pori anayefanana na wa jikoni kwako. Hapa nchini wanaojulikana vizuri ni sita: simba, chui, duma, simbamangu, mondo na paka pori. Fungo hayumo, kanu hayumo, fisi ndo kabisa, msije mkaniletea fungo humu mkasema chui mdogo.

Hoja yangu ni moja na mnibishie kama mnaweza. Tunahadithiwa kwamba hawa wanyama walimalizwa na bunduki. Mimi nasema bunduki mara nyingi imekuja kumalizia tu, aliyetangulia ni njaa. Ukitaka kujua paka fulani anaisha usihesabu paka, hesabu anachokula.

Tuanze na chui milia. Yule wa Bali, kisiwa kidogo cha Indonesia, wa mwisho kuthibitishwa alikuwa jike, alipigwa risasi tarehe 27 Septemba 1937. Hapo bunduki, sibishi. Njoo kwa jirani yake wa Java sasa. Huyu alivuta mpaka miaka ya 1970, ushahidi wake wa mwisho wa uhakika ni 1976 na alikuwa ndani ya hifadhi, Meru Betiri, penye walinzi na sheria zake. Sasa nini kilimtoa? Misitu ilishageuzwa mashamba ya mpunga na mitiki (mitiki kama ile ya Longuza pale Muheza, nenda kaangalie chini ya mti wa mtiki kama kuna swala anaweza kushiba), alafu miaka ya 1960 ukaingia ugonjwa kwa rusa, wale swala wakubwa aliokuwa anawategemea, wakapukutika hifadhi kibao. Mlinzi anamlinda nani sasa na bunduki yake, mnyama kafungiwa kwenye ghala tupu.

Chui milia wa Kaspi naye, aliyeishi kuanzia Uturuki mpaka Asia ya Kati huko, alikuwa mtu wa matete ya kando ya mito, anakula nguruwe pori humo humo. Wasovieti wakafyeka matete wapande pamba. Nguruwe kaondoka, na yeye kaondoka. Uturuki wakampiga mmoja mwaka 1970 na habari ikaishia hapo.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha linksi wa Hispania. Huyu ni paka wa kilo kumi na kitu hivi, mkia kipande, masikio yana vishungi vyeusi kwenye ncha na mashavuni ana ndevu. Karibu tisa katika kumi ya chakula chake ni sungura. Mwaka 1952 kuna daktari mstaafu wa Ufaransa, Armand-Delille, sungura walikuwa wanamharibia shamba lake la Maillebois, jamaa akaagiza kirusi cha ugonjwa wa sungura, akawadunga sungura wawili akawaachia humo shambani. Shamba lina ukuta, kwahiyo akajua yameishia humo. Wawili tu! Ndani ya muda mfupi Ufaransa nzima sungura wanakufa, macho yamevimba, wanagonga gonga miti, ukavuka na mipaka ukaingia Hispania. Daktari akapigwa faini alafu baadae wakulima na watu wa misitu wakampa medali, ndo dunia ilivyo. Miaka ya 1980 ukaja ugonjwa wa pili wa sungura ukafagia waliobaki. Kufika 2002 linksi wote duniani hawakufika 100. Paka anayeishi Hispania anakaribia kufutwa na mtu aliyechoka sungura Ufaransa, na hajawahi kumgusa.

Na waliwarudisha vipi? Walianza na sungura. Wakarudisha sungura na vichaka vyake, wakaongea na wenye mashamba, wakajenga vituo vya kuzalisha, jike mmoja anaitwa Saliega akazaa 2005 akawa wa kwanza kuzaa kwenye kituo, wakachimba vivuko chini ya barabara maana magari nayo yalikuwa yanawagonga. Mwaka 2024 wakashushwa daraja la hatari, sasa hivi wamepita 2,000 pamoja na watoto.

Ya Unguja na ya hapa kwetu naweka baadae, naomba kwanza niwasikie.

---

Kijana wa Chumbageni

Nimeweka mkeka, leteni kahawa na kashata.

---

Fundi Baiskeli

Mkuu uzi mzuri ila hapo kwa wa Kaspi umeruka kitu. Kabla ya pamba jeshi la mfalme wa Urusi lilikuwa linatumika kuwaua makusudi huko Asia ya Kati ili watu wapate kulima. Wanajeshi mkuu, unasema bunduki imekuja kumalizia?

---

Mkonge Mkavu

@Fundi Baiskeli ni kweli waliuliwa sana tu na wanajeshi. Lakini mnyama anayezaa watoto wawili watatu kwa mkupuo, kama matete yapo na nguruwe wapo, ukimpunguza leo anarudi. India si walipigwa risasi na mamwinyi na Waingereza miaka nenda rudi, mtu mmoja anapiga mamia. Lakini msitu na swala vilibaki sehemu sehemu, walipoanza kulinda 1973 wakaweza kupanda tena, hesabu ya 2022 inaonesha elfu tatu na mia sita na kitu. Nepal ndo kabisa, 2009 walikuwa 121, 2022 wakawa 355. Asia ya Kati hata ukipiga marufuku bunduki zote, angerudi akale pamba?

---

Mpenda Urojo (Unguja)

Ami samahani nakukata kauli. Umesema ya Unguja utayaweka baadae na mie nishaona unakoelekea, utakuja kusema chui wetu kafa njaa. Chui wa Unguja hakufa njaa. Chui wa Unguja aliuliwa, na aliuliwa kwa sababu ya uchawi.

Wacha nieleze maana nyinyi wa bara mnalisikia juu juu tu. Kwetu watu walikuwa wakijua chui wa aina mbili, yule wa mwitu na yule wa kufugwa. Wa kufugwa ana mwenyewe, mchawi, anamtuma usiku kwa jirani akale mbuzi, akatishe watoto, na anaweza kumkodisha kwa mchawi mwenzake. Sasa baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaja kampeni kubwa, kulikuwa na mganga mashuhuri akiitwa Kitanzi, anapita vijijini kufichua wachawi, na chui wanasakwa pamoja. Kijiji kizima kinatoka, mbwa, mikuki, bunduki. Chui akahesabiwa mnyama mharibifu, anayemuua anasifiwa. Baada ya kampeni kwisha wasasi waliendelea vivyo hivyo miaka mingi. Babu yangu alikuwa msasi upande wa Makunduchi, hakuwahi kutuambia alikuwa anamuonea huruma, kwake yeye alikuwa anawaondolea watu balaa. Kufika miaka ya 1990 wataalamu waliokuja kutafuta walikuta hadithi.

Na aliyekufa alikuwa wa peke yake. Mwaka 1932 Mwingereza mmoja, Pocock, ndie aliyemuandika kuwa ni namna ya pekee, kadogo kuliko wa bara na madoa yake yamekatikakatika madogo madogo. Akampa jina la Dk Aders aliyekuwa anafanya kazi hapa Unguja, huyo huyo ambaye paa nunga naye ana jina lake. Nenda makumbusho Mnazi Mmoja kaulizie, yupo mmoja kajazwa majani, rangi imepauka mpaka unajiuliza kama kweli huyu ndie alikuwa anawafanya watu wafunge milango magharibi.

Sasa niambie hapo njaa iko wapi.

---

Mkonge Mkavu

@Mpenda Urojo shukrani sana, hiyo ndo michango tunayoitaka. Na kampeni ya Kitanzi siikatai hata herufi. Ila nisaidie kitu kimoja ami. Hao chui walikuwepo Unguja tangu ilipokuwa imeshikana na bara. Enzi za barafu bahari ilikuwa chini, mfereji wa Unguja hauna kina kirefu, mnyama alikuwa anatembea kwa miguu. Ndo maana Pemba hakuna historia ya chui, mfereji wa Pemba ni shimo, haukukauka. Kwenye pango la Kuumbi huko Jambiani wamechimba wakakuta mifupa ya pundamilia, nyati, kuro. Unguja hiyo! Bahari ilipopanda wale wakubwa wakaisha kisiwani, chui akabaki na paa, kima na vidogo vidogo, na yeye mwenyewe akawa mdogo.

Sasa njoo karne iliyopita, mikarafuu imeenea, minazi imeenea, watu wameongezeka, vichaka vya Kusini vinafyekwa na kuchomwa mkaa, paa anawindwa na kila mtu. Chui anafanya nini? Anakuja kwa mbuzi wako. Na mbuzi akipotea usiku bila kelele, mlango umefungwa, jirani mna ugomvi wa shamba, hapo ndo chui anapata mwenyewe. Chui angeshiba msituni nani angesema katumwa? Mimi naona njaa ndo ilimleta mlangoni, uchawi ukampokea.

---

Mpenda Urojo

Hapo umenikuna kidogo lakini si sana. Kima na paa walikuwepo na mpaka leo wapo Jozani na Kiwengwa. Kuna visiwa na misitu kibao duniani chui anakula kuku wa watu na hasakwi mpaka wa mwisho. Ili umalize mnyama mjanja kama yule lazima uwe na chuki naye, njaa haitoi watu vitandani saa nane usiku na mikuki.

Na pia kuna kitu hamkijui. Hata baada ya kwisha, wapo watu walikuwa wanawaambia watafiti "tupeni fedha tutawaonesha chui wa fulani". Watu wa uhifadhi wanaombwa hela waoneshwe chui wa kufugwa. Hajawahi kuonekana hata mmoja.

---

Silikanti Hai

Jamani mnaongea kama keshakufa rasmi. Sisi watu wa Tanga ndo wa mwisho kusema mnyama katoweka! Silikanti, yule samaki wa kale, si walisema alikwisha pamoja na madinosaria, miaka milioni sitini na zaidi? 1938 akavuliwa Afrika Kusini, na kuanzia 2003 wavuvi wetu hapa hapa Tanga wakawa wanamtoa na jarife mpaka ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa jina lake 2009. Na 2018 si kuna timu ya televisheni ya Wamarekani walitega kamera Unguja wakanasa chui anatembea? Mimi naamini yupo.

---

Mkonge Mkavu

@Silikanti Hai hiyo ya 2018 nimeiona, kipande kifupi cha usiku, na mpaka leo hakijathibitishwa na kitu kingine: si unyoya, si kinyesi, si mzoga.

Silikanti anakaa mapangoni chini huko mita mia na zaidi, nani alikuwa anamtafuta kabla ya jarife kwenda chini hivyo? Unguja ni kilomita za mraba kama 1,600, imejaa vijiji, mbwa, wakata kuni, na sasa mahoteli. Chui hata awe mjanja vipi anaacha nyayo kwenye mchanga, anakwangua miti, anaua mbuzi. Kamera zilishategwa Jozani kutafuta wanyama wadogo wanaokula nyama, ngawa na wenzake wakatokea, yeye hakutokea. Na mmoja akipatikana haitoshi, anamzalia nani?

Alafu kuna jambo lingine la kukuuma zaidi. Siku hizi wataalamu wa paka wamepunguza majina, 2017 walipoyapanga upya chui wote wa Afrika wakawekwa fungu moja, wa Unguja akiwemo. Kwahiyo kwenye karatasi hata hajatoweka, maana chui wa Afrika wapo. Simba wa Atlasi naye hivyo hivyo, yule wa Moroko mwenye manyoya mpaka tumboni, wa mwisho anayejulikana kupigwa ni 1942 kwenye milima ile, wakaja kupima vinasaba wakakuta ni ndugu wa karibu wa simba wa India na Afrika Magharibi. Inategemea wewe unamhesabu nani. Mtu wa Makunduchi hana chui, hilo ndo najua.

---

Bi Nanasi wa Kiwangwa (Bagamoyo)

Nimewasoma tangu juu mpaka hapa na mnaandika vizuri ila nyote mko upande wa mnyama. Mimi nafuga mbuzi na kuku huku Kiwangwa. Mwaka jana asubuhi nimekuta banda liko wazi kwa juu, mbuzi mmoja hayupo na mwingine kalala na matundu mawili shingoni, hata damu nyingi hamna. Nimeenda kuripoti, nimejaza fomu, nimeambiwa kuna kifuta jasho, nimesubiri mpaka majani ya mananasi yamezeeka. Ofisi siitaji maana bado nasubiri. Sasa jirani yangu yeye hakujaza fomu, alinunua dawa ya kupe akapaka kwenye mzoga akauacha pale pale. Nani mjinga kati yetu?

---

Mkonge Mkavu

Pole sana dada. Na hakuna mjinga hapo, mmoja ana subira na mwingine imemwishia. Ila hiyo ya sumu kwenye mzoga ndo mbaya kuliko zote maana haichagui, anakula chui, anakula fisi, wanakula tai wote wa wilaya, na mbwa wa jirani wa tatu. Simba wengi huko Ruaha na Umasaini wanakufa hivi hivi, hamna hata mlio.

Chui anapitia juu dada, banda la mbuzi bila paa ni sawa na sahani bila kawa. Weka wavu wa waya na juu pia, mlango ufungwe kwa komeo sio kamba. Najua wavu unagharimu. Lakini kwa bei ya mbuzi wa sasa hivi ukipoteza wawili ushalipa wavu.

---

Mwanaharakati wa Kuku

Chui hana shida ale mbuzi ila asiguse kuku wa kienyeji

---

Binti Pongwe

Mimi nije na mondo maana hakuna anayemtaja na ndo paka wetu wa mkonge. Nyumbani tunapakana na shamba la mkonge, jioni jua likiwa linazama nikitoka kisimani nimemwona zaidi ya mara moja. Miguu mirefu kuliko inavyotakiwa, kichwa kidogo, masikio makubwaa. Anasimama kwenye nyasi katikati ya mistari ya mkonge hajitikisi kabisa, masikio tu yanageuka, moja huku moja kule. Unamsubiri mpaka unachoka. Alafu ghafla anaruka juu, miguu yote minne hewani, anatua na mikono ya mbele kwa pamoja, puu, na panya yupo chini. Akikosa anaondoka tu kama hakuna kilichotokea. Nimekuja kusoma kwamba karibu nusu ya mitupo yake anapata, simba mwenyewe hafiki hapo.

Sasa baba mdogo alikuwa anawapiga kwa ajili ya kuku. Nikamwambia baba mdogo, huyu anakula panya wa mahindi yako usiku kucha. Hakunijibu, lakini bunduki ya gobore siku hizi naiona darini tu.

---

Mzee wa Kaole

Assalaam alaykum vijana. Mbona hamjamtaja mngwa? Sisi tumekua tunaambiwa mngwa, wa kijivu, mkubwa kama punda, hakamatiki. Wazungu wenyewe wa enzi za ukoloni waliandika, kuna hakimu mmoja aliitwa Hichens aliandika miaka ya 1930 kuhusu watu kuuliwa usiku huko Lindi na manyoya ya kijivu kukutwa.

---

Mkonge Mkavu

Waalaykum salaam mzee wetu, shikamoo. Mngwa namheshimu kwa sababu ya bibi yangu, lakini ukoo mzima wa paka walishakaguliwa kwa mifupa na ngozi na yeye hajaacha hata ukucha.

Ila umenigusa penye Lindi, na hapa ndo naomba watu wasome taratibu maana ni hoja yangu ile ile kwa upande wa pili. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 hapa Tanzania na kujeruhi zaidi ya 308, na sehemu kubwa ni kusini na pwani, Lindi, Rufiji huko. Watafiti, akiwemo Craig Packer aliyekaa sana Serengeti, wakauliza kwanini huko na sio mbugani kwenye simba wengi. Jibu ni nguruwe pori. Sehemu ambazo swala na nyumbu wameisha, mnyama pekee anayebaki na kuzaana ni nguruwe, na nguruwe anakaa wapi? Shambani kwako kwenye mahindi. Simba anamfuata nguruwe. Na mkulima msimu wa mavuno analala wapi? Kwenye dungu, humo humo shambani, kulinda nguruwe. Wote watatu mnakutana usiku sehemu moja.

Yule simba wa Rufiji waliyempa jina la Osama, aliyeuawa 2004 baada ya kula watu zaidi ya 30, alikutwa na jino bovu lenye jipu. Watu wakasema kumbe jino. Jino sawa, lakini aliyemleta kwenye madungu sio jino.

---

Mzee wa Kaole

Marahaba. Hilo la dungu ni kweli kabisa, nimelala dungu ujana wangu wote, nguruwe akinyamaza ghafla ujue usishuke kukojoa.

---

Fundi Baiskeli

Mkuu mbona unasahau magonjwa? Serengeti swala kibao nyumbu kibao na 1994 simba walikufa kama kuku wa mdondo.

---

Mkonge Mkavu

Hapo umenibana vizuri. 1994 kiasi cha theluthi ya simba wa Serengeti walikufa, kama elfu moja hivi, ugonjwa wa mbwa. Mbwa wa vijijini kandokando ya hifadhi, ndo maana wakaanza kuchanja mbwa. Mnyama unamwona mbele ya watalii anatetemeka, mishipa inamruka, anaanguka. Na nyuma zaidi, 1962, kreta ya Ngorongoro walishambuliwa na inzi wang'atao baada ya mvua nyingi mpaka wakabaki simba kama 10, na wazao wa hao pamoja na madume wachache waliohamia baadae ndo waliojaza kreta, karibu damu moja.

Chakula kilikuwepo na walikufa, ndio. Lakini angalia baada ya hapo: Serengeti ndani ya miaka michache simba wakarudi idadi yao. Kwa sababu nyumbu wapo.

---

Mvuvi wa Kipumbwi (Pangani)

Nimekaa kimya nasoma ila sasa mmefika kwetu. Mimi navua lakini msimu wa kusi mkali nafanya vibarua, nishatembea na jamaa wa doria kutoa mitego upande wa Mkwaja.

Wanaosema Saadani imekuwa hifadhi ya taifa 2005 basi mambo safi, njooni muone waya. Ni waya wa breki ya baiskeli, au wanafumua tairi bovu la lori wanachukua zile nyuzi za chuma. Wanafunga kwenye shina la mgunga, kitanzi wanakining'iniza kwenye kinjia cha swala, urefu wa goti la mtu mzima, pembeni wanalaza matawi ili mnyama asipate njia nyingine. Haina hela, haina mlio, na anayetega anatega mingi mingi alafu mingine anaisahau. Imelengwa swala na pofu kwa ajili ya kitoweo. Simba anapita kinjia hicho hicho. Tulimkuta jike keshajitoa, waya umekatika lakini kitanzi kimebaki shingoni, kimeingia ndani na nyama imeota juu yake kama... wacha. Anakimbia nao. Sijui aliishia wapi.

Sasa nyie mnabishana bunduki au njaa. Waya ni vyote viwili, unamla swala wake na unamnyonga na yeye.

---

Mkonge Mkavu

@Mvuvi wa Kipumbwi huu mchango wako ningeutoa mimi kwenye posti ya kwanza ningekuwa na macho yako.

---

Mpenda Urojo

Sasa tuseme wa kwisha baada ya hapa ni nani?

---

Mkonge Mkavu

Duma wa Iran. Ndo duma wa mwisho wa Asia, mwaka 2022 wao wenyewe walisema wamebaki 12. Walizalisha mmoja kwenye kituo, wakamwita Pirouz, nchi nzima ikawa inamfuatilia kama mtoto wa jirani, akafa Februari 2023 kwa figo. India wao walimtangaza kaisha 1952, na 2022 wakaamua kuleta duma wa Afrika, 8 kutoka Namibia alafu 12 Afrika Kusini, wakawaweka hifadhi ya Kuno. Baadhi wamekufa, wengine wamezaa. Mimi swali langu kwao ni lile lile, swala wa kutosha wapo?

Dunia nzima duma hawazidi sana 7,000. Huku kwetu mnaweza kumpata Mkomazi, Tanga hii hii, kwa bahati lakini.

---

Kijana wa Chumbageni

Wakuu swali la mwisho kabla sijakunja mkeka. Hii barabara ya Tanga Pangani Saadani Bagamoyo ikikamilika na daraja, si itapita kwa hao wanyama? Na nilipita Buyuni ufukweni alfajiri nikakuta nyayo kubwa mchangani, kama mkono wangu, nitajuaje za nani?

---

Mvuvi wa Kipumbwi

Barabara raha kwetu, samaki watafika mjini wabichi, sitaki kusema uongo. Lakini usiku watu watakuwa wanakata mia na ishirini pale na mnyama hajui taa ni nini. Matuta yawekwe, na yawekwe mapema kabla hawajazoea kukimbia.

---

Mkonge Mkavu

Na Wahispania wangewapa ushauri wa vivuko vya chini bure kabisa.

Nyayo: angalia kwanza kama kuna alama za kucha mbele ya vidole. Simba, chui, mondo wanaficha kucha wakitembea, hutaona. Duma kucha zake hazizami vizuri zinaonekana, lakini duma ufukweni Buyuni sitegemei. Fisi na mbwa zinaonekana. Alafu angalia ile nyama kubwa ya nyuma, ya paka chini yake ina mabonde inatoa vinundu vitatu. Upana wa chui ni kama sentimita 9, simba 12 na kuendelea. Ulipiga picha?

---

Kijana wa Chumbageni

Nilipiga, ila sikuweka kitu pembeni cha kupimia. Kucha zinaonekana nne safi kabisa.

---

Mvuvi wa Kipumbwi

Fisi huyo. Anakuja kwa vichwa vya samaki tunavyotupa, kila siku yupo.

---

Kijana wa Chumbageni

Na mimi nimeshamtumia shemeji yako nikamwambia simba 😂